Kupima jinsi isotopu na sumaku zinavyogusa superkondakta: mwongozo kwa anayeanza Lubumbashi

Maswali yanayonifikia ni yaleyale kila muhula. "Yaya, sumaku yangu inaregea chini, kidonge kimekufa?" "Yaya, hii isotopu haina mionzi?" "Nilibadilisha oksijeni, Tc ikashuka nyuzi mbili, nimegundua kitu?" Nimeyajibu kwa simu, nimeyajibu kwenye ngazi za labo, nimeyajibu njiani kuelekea soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi. Leo nayaandika mahali pamoja, ili anayekuja nyuma aanze na kazi yenyewe. Kidonge hapa ni kipande cha superkondakta kilichotengenezwa kwa unga uliogandamizwa.

Nianze na lile la mionzi, kwa sababu hapa Katanga neno isotopu linatisha. Tumekua tukisikia habari za mgodi wa Shinkolobwe na urani iliyotoka pale kwenda kwenye bomu la Wamarekani, basi ukisema "isotopu" mzee nyumbani anakuuliza kama umevaa kinga. Isotopu ni atomi za elementi moja zenye uzito tofauti, basi. Nyingi ni tulivu kabisa. Oksijeni unayoivuta sasa hivi ni ya uzito wa 16 kwa asilimia 99.76, na ndani yake mna oksijeni-18 karibu asilimia 0.2. Shaba yetu nayo ni mchanganyiko: takriban asilimia 69 ni shaba-63 na 31 ni shaba-65. Hakuna hata moja kati ya hizo inayotoa mionzi.

Na hiyo Tc ni nini? Ni halijoto ya mpito: chini yake kipande kinakuwa superkondakta, yaani ukinzani wake wa umeme unakuwa sifuri na kinasukuma uga wa sumaku nje. Swali la isotopu ni hili: nikibadili uzito wa atomi bila kubadili kemia yake, Tc inasogea? Ikisogea, mtikisiko wa atomi unashiriki katika kuunganisha elektroni mbilimbili. Swali la sumaku ni la upande wa pili: nini kinazitenganisha elektroni zilizokwisha kuungana? Nadharia inatosha hapo. Twende kazini.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Tutatumia YBCO, yaani YBa2Cu3O7 (itriamu, bariamu, shaba na oksijeni), kwa sababu Tc yake ni karibu kelvini 92, yaani nyuzi 181 chini ya sifuri ya Selsiasi, na azoti ya majimaji (wengine huiita nitrojeni) inatosha kuipoza. Tafuta:

- Oksidi ya itriamu (Y2O3), kaboneti ya bariamu (BaCO3) na oksidi ya shaba (CuO), zote safi, za labo. Usijaribu kutengeneza oksidi ya shaba kwa mabaki ya waya. Tuko kwenye mji wa shaba, najua kishawishi kilivyo, lakini uchafu mdogo wa zinki utakuharibia kazi yote, na utaona sababu yake mbele.
- Mizani inayosoma hadi miligramu 1. Kwa kazi ya isotopu, sehemu ya kumi ya miligramu.
- Tanuru la kufika nyuzi 950 za Selsiasi na kudhibiti kasi ya kupoa, pamoja na bomba la kuingizia oksijeni.
- Kinu kidogo cha jiwe gumu na mtwangio wake.
- Kalibu ya chuma ya milimita 13 hivi, na jeki ya gari ya maji. Jeki ya tani 5 hugandamiza kidonge vizuri.
- Kipimajoto cha platini aina ya Pt100, kinachoonyesha joto kwa ukinzani wake wa umeme. Mafundi wa vipimo wanaofanya kazi kwenye viwanda vya madini wanakijua, waulize.
- Multimita mbili, moja isome mikrovolti 10 au chini ya hapo, nyingine isome hadi sehemu ya mia ya omu kwa waya nne.
- Rangi yenye madini ya fedha, inayopitisha umeme, ya kushikizia waya, waya mwembamba wa shaba, betri, rezista.
- Sumaku za neodimiamu. Hadi diski iliyokufa ya kompyuta inazo mbili ndani.
- Azoti, lita 5 hivi, na chombo chake. Anza kuuliza kwa wanaohifadhi mbegu za ng'ombe na kwa wanaouza gesi za viwandani.

Kabla hujafungua chombo chochote

Lita 1 ya azoti ikichemka inakuwa karibu lita 700 za gesi. Usiifunge kamwe kwenye chupa yenye kizibo kinachobana: italipuka. Usiibebe ndani ya gari lenye vioo vilivyofungwa, kwa sababu inafukuza hewa ya kupumua na haina harufu ya kukuonya. Vaa miwani na glavu zinazovulika kirahisi. Glavu inayobana ikiingiwa na azoti inaganda na ngozi.

Kaboneti ya bariamu ni sumu ukiimeza au ukivuta vumbi lake. Funika mdomo na pua, usile labo, nawa mikono kabla ya kwenda kununua chakula nje. Na kwenye mtungi wa oksijeni, usipake mafuta wala grisi kwenye valvu, hata ikiwa ngumu kuzungusha. Mafuta na oksijeni vikikutana kwa shinikizo vinawaka.

Hatua ya 1: Jifunze hesabu kabla ya kushika kinu

Kipimo cha isotopu huitwa alfa. Chukua Tc mbili na uzito mbili wa atomi (M), kisha (ln ni logariti asilia):

alfa = − ln(Tc2 ÷ Tc1) ÷ ln(M2 ÷ M1)

Fanya mazoezi na zebaki, ndipo historia ilipoanzia. Mwaka 1950 makundi mawili ya Marekani, Maxwell peke yake na Reynolds na wenzake, yalipima zebaki za uzito mbalimbali. Uzito wa wastani ulipopanda kutoka 199.5 hadi 203.4, Tc ilishuka kutoka kelvini 4.185 hadi 4.146. Weka kwenye kikokotoo: utapata 0.48. Bardeen, Cooper na Schrieffer walipotoa nadharia yao mwaka 1957, ilitaka 0.5 kwa metali ya kawaida. Inakaribiana sana.

Sasa chukua MgB2 (magneziamu na boroni), iliyotangazwa mwaka 2001. Ikiwa na boroni-11 Tc ni kelvini 39.2, ikiwa na boroni-10 ni 40.2. Alfa ya boroni inatoka 0.26. Ukibadili magneziamu badala ya boroni, karibu hakuna kinachosogea. Hesabu hiyo moja inakuambia kwamba mtikisiko unaohusika uko kwenye boroni, na ndiyo maana napenda wanafunzi waifanye kwa mkono. Ukikutana na paladi iliyoshiba hidrojeni utapata alfa yenye alama ya kutoa: ya deuteri, hidrojeni iliyo nzito, ndiyo yenye Tc ya juu. Hujakosea, ndivyo ilivyo.

Kisha fanya hesabu itakayokuongoza kazi yote. YBCO ikiwa na alfa ya 0.5, kubadili oksijeni-16 kuwa 18 kungeshusha Tc kutoka 92 hadi karibu 86.7: zaidi ya kelvini 5. Vipimo halisi vya YBCO iliyoshiba oksijeni hutoa alfa ndogo, ya 0.02 hadi 0.05. Ukichukua 0.02, mshuko ni kelvini 0.2 tu. Iandike 0.2 hiyo ukutani. Chochote kinachosogeza Tc yako zaidi ya hapo kwa sababu nyingine kitaifunika.

Hatua ya 2: Pima na usage

Kwa kundi dogo la gramu 6.66:

- Y2O3: gramu 1.129
- BaCO3: gramu 3.947
- CuO: gramu 2.386

Saga pamoja nusu saa nzima, si dakika tano. Unga mzuri unakuwa wa kijivu kimoja, bila madoa meupe ukiupaka kwenye karatasi kwa kidole chenye glavu. Madoa meupe ni bariamu ambayo haijachanganyika, na itakusumbua baadaye.

Hatua ya 3: Choma, saga, choma tena

Choma unga kwa nyuzi 930 kwa saa 12 au zaidi, uache upoe, usage tena, uchome tena. Rudia mara mbili au tatu. Usivuke nyuzi 950 hivi. Ukikaribia 1,000 kitu kinaanza kuyeyuka na kinakula chombo cha alumina.

Pima uzito kabla na baada. Ulianza na gramu 7.46, gesi ya ukaa ikiisha kutoka na oksijeni ikiisha kuingia, zinabaki karibu 6.66. Ukiona 7.0 bado kuna kaboneti. Kipimo hiki hakigharimu kitu, na kila ninapouliza "ulipima uzito baada ya kuchoma?" naona macho yanaangalia chini. Rangi iwe nyeusi. Ikiwa na ukijani, umepata mchanganyiko mwingine wa itriamu, bariamu na shaba ambao haupitishi umeme.

Hatua ya 4: Gandamiza, kisha uilishe oksijeni taratibu

Weka gramu 2 kwenye kalibu, gandamiza kwa jeki, shikilia dakika 5. Choma kidonge kwa nyuzi 940 kwa saa 12 huku oksijeni ikipita polepole. Halafu inakuja sehemu ambayo kazi nyingi hufia: kupoa. Shusha kwa nyuzi 60 hivi kwa saa mpaka 500, kisha ukae kati ya 500 na 450 saa 12 hadi 24, oksijeni ikiendelea kupita.

Sababu ni kwamba YBCO ya moto sana imepungukiwa oksijeni. Ikiwa na oksijeni 6 haipitishi umeme kabisa. Ikiwa na 6.6 hivi Tc yake ni karibu kelvini 60. Ikikaribia 7 unapata 90 na zaidi. Hiyo oksijeni inarudi ndani wakati wa kupoa tu, na inahitaji muda.

Nitakuambia lililonipata. Nilikuwa na vidonge viwili, kimoja cha oksijeni ya kawaida na kimoja kilichobadilishwa, nikavichoma usiku mbili tofauti. Usiku wa pili umeme ulikatika saa nane. Nilikuta tanuru baridi asubuhi, nikasema haidhuru, kidonge ni cheusi, kinang'aa, hakina ufa. Nikapima: tofauti ya kelvini 1.5! Nilitembea na furaha hiyo wiki mbili. Kisha nikakirudisha kile kidonge kwenye tanuru, nikakilisha oksijeni upya, na ile tofauti ikatoweka karibu yote. Nilichokuwa nimepima ni kukatika kwa umeme. Tangu siku hiyo sina sampuli isiyokuwa na pacha wake kando yake, tanuru moja, usiku mmoja, na hilo ndilo ninalokuomba ulishike kuliko jingine lolote humu.

Kama umeme wa mtaa wenu unakatika, panga upoaji uangukie saa ambazo umeme unatulia, na andika kwenye daftari kila ukikatika. Ukikatika wakati wa kupoa, usikitupe kidonge: kirudishe nyuzi 600, kisha ushuke upya.

Hatua ya 5: Jaribio la sumaku inayoelea

Weka kidonge kwenye kikombe cha povu, mimina azoti hadi ikifunike, subiri uchemkaji wa fujo utulie. Shusha sumaku ndogo ya neodimiamu juu yake kwa koleo la plastiki. Ikielea, una superkondakta. Mara ya kwanza utasahau kupumua. Mimi bado nasahau.

Sasa iangalie vizuri. Iguse pembeni kidogo: haitelezi kuanguka, inarudi au inabaki ilipo. Ni kwa sababu nyuzi za uga wa sumaku zimenaswa kwenye kasoro za kidonge. Meissner na Ochsenfeld walionyesha mwaka 1933 kwamba superkondakta hufukuza uga. YBCO hufukuza sehemu na kunasa sehemu. Kipoze kidonge sumaku ikiwa tayari imekaa milimita chache juu yake, kisha inua sumaku: mara nyingine kidonge kitafuatana nayo.

Jaribio hili linakuambia ndiyo au hapana tu. Halikupi Tc, wala halionyeshi isotopu.

Hatua ya 6: Kata fimbo, weka waya nne

Kidonge kizima kina ukinzani mdogo mno kwa multimita zetu. Kikate kwa msumeno mwembamba, bila maji, upate fimbo za milimita 2 kwa 2 kwa 15. Sugua kwa msasa laini pale waya zitakapokaa, paka rangi ya fedha, ushike waya nne kwa mstari. Mbili za nje zinapeleka mkondo, mbili za ndani zinasoma volteji.

Pitisha miliampia 50 hadi 100. Kwenye joto la chumba utasoma kama milivolti 1 au 2. Soma, geuza mwelekeo wa mkondo, soma tena, chukua nusu ya tofauti. Kugeuza huku kunaondoa volteji ndogo zinazozaliwa pale waya mbili zinapokutana kwenye halijoto tofauti. Asiyegeuza mkondo ataniambia fimbo yake "haifiki sifuri", na nitamwuliza kwanza kama amegeuza.

Hatua ya 7: Pima mapacha kwenye kipande kimoja cha shaba

Tafuta kipande kinene cha shaba, saizi ya kiberiti. Hicho ndicho kitu ambacho Lubumbashi hatukosi. Toboa tundu la Pt100 katikati, ijaze grisi. Weka karatasi ya sigara yenye grisi juu ya shaba, na fimbo mbili kando kwa kando juu yake. Karatasi inazuia umeme lakini inapitisha baridi. Unganisha fimbo kwa mfululizo ili mkondo uleule upite zote.

Funga kipande kwa pamba, kitumbukize kwenye azoti hadi kitulie, na usome Pt100. Angalia hapa, maana wengi hupaniki. Vitabu vinasema azoti inachemka kwa kelvini 77.4, na Pt100 ingesoma omu 20.3. Wewe utasoma karibu 19.8. Kipimajoto hakijaharibika. Tuko zaidi ya mita 1,200 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na azoti kwetu inachemka karibu na kelvini 76. Goma, mita 1,500 hivi, ni chini zaidi kidogo. Tumia namba ya mahali ulipo kusahihisha kipimajoto chako.

Inua kipande juu ya azoti, kiache kipate joto polepole, kisizidi nusu ya kelvini kwa dakika. Kila kelvini ni omu 0.43 kwenye Pt100. Ndiyo maana nilisema multimita isome hadi sehemu ya mia ya omu. Andika halijoto moja na volteji mbili, tena na tena, kutoka 76 mpaka 100. Halafu rudi ukishuka. Mistari ya kupanda na kushuka ikiachana, unaenda haraka mno.

Uzuri wa kipande kimoja ni kwamba kosa la kipimajoto linawagusa mapacha wote sawasawa. Tc yako kamili inaweza kuwa na kosa la nusu kelvini, na bado tofauti kati yao ikawa safi.

Amua mapema Tc yako ni ipi. Mimi huchukua katikati ya mporomoko wa volteji, na naandika pia mahali volteji inapofika sifuri. Usitumie katikati kwa fimbo moja na sifuri kwa nyingine.

Hatua ya 8: Sumaku ya nje

Rudia hatua ya 7 ukiwa na sumaku ya neodimiamu chini ya fimbo moja. Utaona mwanzo wa mporomoko unabaki karibu palepale, lakini mkia wa chini unavutika: sifuri inafikiwa kwenye halijoto ya chini zaidi. Kidonge chetu ni punje nyingi zilizoshikana, na viungo kati ya punje ni dhaifu. Uga mdogo tu unavivunja wakati punje zenyewe bado ni nzima.

Kosa la kawaida: kuongeza mkondo ili volteji isomeke vizuri, huku sumaku ipo. Mkondo mkubwa nao unavunja viungo hivyo, na hutajua nani kafanya nini. Pima kwa miliampia 100, kisha 30. Ukiona mkia unabadilika, tumia mkondo mdogo.

Hatua ya 9: Sumaku ya ndani

Hapa ndipo mambo yananoga. Mwaka 1958 Matthias, Suhl na Corenzwit walionyesha kwamba asilimia 1 hivi ya gadolini ndani ya lanthani inatosha karibu kuua usuperkondakta. Atomi ya gadolini ni kama sumaku ndogo, ina elektroni saba zisizo na wenzi, na inatenganisha jozi. Abrikosov na Gor'kov walieleza hesabu yake.

Sasa jaribu kwenye YBCO. Ondoa itriamu yote, weka gadolini: badala ya gramu 1.129 za Y2O3 tumia gramu 1.813 za Gd2O3, mengine yaleyale. Fuata hatua 2 hadi 7 ukiwa na pacha wa itriamu kando. Tc itabaki juu ya 90. Sumaku zimejaa ndani, na jozi hazijali!

Kisha tengeneza kundi la tatu: itriamu ya kawaida, lakini asilimia 1 ya shaba uibadili kwa zinki. Yaani CuO gramu 2.362 na ZnO gramu 0.024. Zinki si ya sumaku. Tc itashuka karibu kelvini 10.

Sababu ni mahali. Gadolini inakaa kwenye kiti cha itriamu, katikati ya tabaka, na elektroni zake za sumaku zimefichwa ndani ya atomi. Zinki inakaa kwenye tabaka la shaba na oksijeni lenyewe, ambako jozi zinaishi. Kwenye tabaka hilo shaba zina usumaku wao unaopishana juu na chini, na zinki inatoboa tundu ndani yake. Kwa hiyo ukisoma mahali kwamba "sumaku huua superkondakta", uliza: sumaku gani, imekaa wapi? Ndiyo maana pia nilikukataza mabaki ya waya.

Usiweke zinki asilimia 2 kwa mara ya kwanza. Tc itapita chini ya azoti na utafikiri kidonge kimekufa. Praseodimi nayo iache: ikijaza kiti chote cha itriamu, YBCO inakoma kuwa superkondakta, tofauti na ndugu zake wengi.

Hatua ya 10: Badili oksijeni

Oksijeni-18 ni ghali; inatafutwa sana na hospitali zinazotengeneza fluorini-18 ya kupigia picha za saratani. Kama huna, fanya hatua 1 hadi 9 vizuri, kisha mpelekee mwenye gesi fimbo zako mbili pamoja na masharti yafuatayo. Kama unayo:

Kata fimbo mbili jirani kutoka kidonge kimoja, gramu 0.1 kila moja. Weka kila moja kwenye mrija wake wa kwatsi, moja na oksijeni-18, nyingine na 16 ya kawaida, shinikizo lilelile. Mirija ilale kando kwa kando kwenye tanuru moja, nyuzi 700 kwa siku mbili, kisha ipoe polepole kama hatua ya 4. Usijaze mrija zaidi ya theluthi ya shinikizo la hewa: kwa nyuzi 700 shinikizo linapanda zaidi ya mara tatu.

Fimbo ya gramu 0.1 ina oksijeni ya kutosha mililita 13 hivi za gesi. Gesi yako ikiwa mara kumi ya hiyo, utabadili karibu asilimia 91. Toa gesi, jaza mpya, rudia.

Jaribio la mizani: oksijeni zote saba zikibadilika, uzito unaongezeka asilimia 2.1. Fimbo ya miligramu 100.0 iwe 102.1. Ikisoma 101.7, umebadili asilimia 81, na M2 yako kwenye hesabu ni 17.62 badala ya 18. Fimbo ya oksijeni-16 isibadilike uzito. Ikibadilika, kiasi cha oksijeni kimesogea na jaribio lote lina walakini.

Pima mapacha. Kisha, na hili usiliruke, wabadilishane: ile ya 18 irudi 16, ile ya 16 iende 18. Pima tena. Tofauti ikigeuka nayo, ni ya uzito. Ikibaki kwenye fimbo ileile, ni ya fimbo.

Ukitaka mshuko mkubwa zaidi wa kuona, badili sehemu ndogo ya itriamu kwa praseodimi, au punguza oksijeni, kwa mapacha wote wawili. Kadiri Tc inavyoshushwa hivyo, alfa inapanda, na haikomei kwenye 0.02. Kinachodhoofisha jozi kinazifanya zihisi zaidi uzito wa atomi. Mimi naona hapo ndipo isotopu na usumaku vinapokutana, na ndipo mwanafunzi mwenye subira anaweza kufanya kazi ya maana.

Ukikwama

*Sumaku haielei kabisa.* Angalia rangi, kisha uzito baada ya kuchoma. Vikiwa sawa, tatizo ni oksijeni: rudia hatua ya 4. Kidonge kikiwa kimekaa kwenye masika ya Desemba bila kufunikwa, unyevu umekila; vunja kipande uone kama ndani bado ni cheusi wakati juu pana vumbi jeupe. Vihifadhi kwenye chupa iliyofungwa pamoja na vijiwe vya silika vya kukausha.

*Inaelea kidogo halafu inashuka.* Mara nyingi ni azoti kupungua. Ongeza. Ikiendelea, sumaku yako ni nzito mno, tumia ndogo.

*Volteji inaruka ovyo wakati wa kupoa.* Rangi ya fedha imepasuka. Acha ipate joto, ikauke kabisa, paka upya. Usipake fimbo yenye umande.

*Mporomoko una ngazi mbili.* Una mchanganyiko wa sehemu zenye oksijeni tofauti, au viungo dhaifu. Pima kwa mkondo mdogo: ngazi ya chini ikipanda, ni viungo, ikibaki, ni oksijeni.

*Tofauti ya isotopu ni zaidi ya kelvini 1 kwenye YBCO ya 92.* Usimwandikie mtu yeyote bado. Pima uzito wa mapacha, wabadilishane, pima tena.

*Tofauti ni sifuri.* Angalia mizani kwanza, huenda gesi haikuingia. Ikiwa uzito umeongezeka inavyotakiwa, basi multimita yako haioni kelvini 0.2. Soma mara ishirini, panda na kushuka, na chukua wastani kwa kila fimbo.

*Umeme umekatika katikati ya kipimo.* Hatua ya 7 haihitaji umeme wa ukutani ukitumia betri. Endelea kusoma kwa mwanga wa simu. Kipande cha shaba kinapata joto polepole hata gizani.